Mgombea Umeya na Tuhuma za Matumizi ya Fedha za Jiji: Mwongozo Kamili wa Kujibu

Kampeni ya umeya ikishapamba moto, hoja za maji, taka na barabara huishia kwenye swali moja: fedha zilikwenda wapi? Wapinzani watasema umefuja, au ulikaa kimya wenzako wakifuja, au ahadi zako zitalifilisi jiji. Mwongozo huu ni wa mgombea anayetaka kujibu tuhuma za namna hiyo kwa ukweli na akaeleweka, awe ni meya anayetetea kiti, diwani anayetaka kupanda ngazi, au mtu mpya ambaye hajawahi kuketi kwenye baraza.

Msimamo wangu ni huu: tuhuma nyingi za matumizi si uongo mtupu. Ndani yake huwa kuna tarakimu ya kweli iliyong'olewa mahali pake, ikatengwa na mwaka wake, fungu lake au kusudi lake. Kazi ya mgombea ni kuirudisha ilipotoka huku wananchi wakiona. Anayekana kila kitu huumbuka siku karatasi inapotolewa hadharani, hata kama kwa sehemu kubwa alikuwa na haki.

Hatua ya kwanza: ipate tuhuma kama ilivyosemwa

Usijibu ulichosimuliwa. Tafuta sauti, video au chapisho lenyewe, uandike maneno yote pamoja na siku na mahali yaliposemwa. Tuhuma ikishapita midomo mitatu huwa imebadilika. Ukijibu toleo la mtaani, mpinzani atasimama aseme hakusema hivyo, na atakuwa amesema kweli.

Kisha ipasue. "Ametumia milioni 40 kujijengea ofisi huku barabara zimejaa mashimo" ni sentensi moja yenye madai manne: kwamba kiasi ni milioni 40, kwamba fedha hizo zimekwisha kutumika, kwamba uamuzi ulikuwa wako, na kwamba zingeweza kwenda kwenye barabara. Huenda la kwanza ni kweli, la pili ni nusu kweli, la tatu si kweli, na la nne ni kweli kwa sehemu tu ya fedha hizo. Kila dai lina ushahidi wake. Neno "kujijengea" ni kijembe, na kijembe hakina hati ya kukijibu. Kiache kipite.

Hatua ya pili: ifuate tarakimu mpaka chimbuko lake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo kampeni nyingi zinapoharakisha. Fedha ya jiji hupita vituo kadhaa: makadirio ya wataalamu, bajeti iliyopitishwa na baraza, bajeti ya nyongeza au uhamisho kutoka kasma (yaani fungu la bajeti) moja kwenda nyingine, zabuni, mkataba, ankara ya mkandarasi, malipo, hesabu za mwisho wa mwaka, na mwishowe ripoti ya mkaguzi wa nje. Kwa mradi uleule kila kituo kinaweza kuwa na tarakimu yake, na zote zikawa halali. Mpinzani anapotaja kiasi, swali la kwanza si kama ni kikubwa au kidogo. Ni hili: amekichukua kituo gani?

Tarakimu ya bajeti ni ruhusa ya kutumia, si ushahidi wa kutumia. Jiji linaweza kutenga fedha za mitaro na mwaka ukaisha hata jiwe halijawekwa, kwa sababu mapato hayakufika au zabuni ilikwama kwenye rufaa. Mkataba nao ni ahadi ya kulipa, mara nyingi kwa miaka miwili au mitatu. Kinachoonyesha fedha imetoka ni kumbukumbu za malipo na hesabu zilizofungwa. Ukishika hesabu zilizokaguliwa umeshika nguzo imara kuliko zote, ingawa huja kwa kuchelewa. Kwa mwaka unaoendelea itakubidi utumie taarifa za utekelezaji za robo mwaka, nawe useme wazi kwamba hazijakaguliwa.

Angalia pia mwaka wenyewe. Serikali za mitaa nyingi duniani hazifuati Januari hadi Desemba. Zipo zinazoanza mwaka wa fedha Aprili, zipo za Julai, zipo za Oktoba. Matumizi ya miezi ya mwanzo ya kalenda huangukia mwaka wa fedha ulioanza kabla yake, na kwa kosa hilo moja meya aliyeingia juzi hubebeshwa malipo yaliyoidhinishwa na mtangulizi wake. Au husifiwa kwayo, jambo ambalo naye asilipokee.

Mgombea mpya asiyekuwa na ufunguo wa ofisi yoyote ana njia zake. Vikao vya baraza huacha mihtasari, bajeti huchapishwa, na nchi zaidi ya mia moja zina sheria ya haki ya kupata taarifa za umma. Uswidi ilitunga ya kwanza mwaka 1766. Andika ombi lako mapema, kabla hujatuhumiwa, kwa sababu majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa na kampeni haisubiri. Omba waraka unaoujua kwa jina na mwaka. Ombi la "taarifa zote za matumizi" hurudi tupu, au hurudi na rundo ambalo hutalisoma.

Hatua ya tatu: jua fedha imetoka mfuko gani

Wapiga kura wengi huiona fedha ya jiji kuwa chungu kimoja, na mpinzani anaitegemea picha hiyo. Kwa kweli kuna mapato ya jiji lenyewe, yaani kodi za majengo, leseni, ushuru na ada. Kuna ruzuku kutoka serikali kuu au wafadhili, ambayo mara nyingi imefungwa kwa kazi maalumu. Kuna mikopo. Kuna akiba. Halafu kuna mgawanyo mwingine unaokata katikati ya yote hayo: matumizi ya kawaida, kama mishahara, mafuta ya magari na umeme wa taa za barabarani, dhidi ya matumizi ya maendeleo yanayoacha kitu kinachodumu miaka mingi.

Mgawanyo huu wa pili una historia chungu. Jiji la New York lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba kwa miaka kadhaa lilikopa ili kulipia gharama za kila siku, na gharama nyingine za kawaida zikaandikwa ndani ya bajeti ya maendeleo. Kwa hiyo mtu akikutuhumu kwamba umeliongezea jiji deni, kabla ya kujitetea uliza deni hilo lilinunua nini. Mkopo wa miaka 20 uliojenga mtambo wa maji utakaofanya kazi miaka 40 unaweza kutetewa kwa moyo mweupe, maana watakaokunywa maji hayo kesho wanachangia gharama yake. Mkopo uliolipa mishahara ya mwezi uliopita hauna utetezi wa aina hiyo. Ukiukuta kwenye vitabu vyako, sema wewe kabla hajasema mwingine.

Ruzuku iliyofungwa ni jibu halali kwa "mngepeleka kwenye barabara", lakini usiligeuze kichaka cha kujificha. Mara nyingi jiji huongeza fedha zake juu ya ruzuku, nazo hizo zilikuwa huru kwenda kokote. Tenganisha sehemu mbili hizo kwa tarakimu.

Hatua ya nne: linganisha kwa haki

"Matumizi yamepanda kwa asilimia 30 ndani ya miaka minne" inaweza kuwa kweli tupu na bado ikapotosha. Tuchukue mfano wa kubuni. Jiji lilitumia milioni 100, na miaka minne baadaye linatumia milioni 130. Tuseme bei zilipanda asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka minne hiyo si asilimia 20 bali zaidi kidogo ya 21, kwa sababu kila ongezeko hujengwa juu ya lililotangulia. Gawanya 130 kwa 1.2155 upate karibu 107. Kwa thamani halisi, basi, matumizi yamepanda asilimia 7. Sasa tuseme wakazi wameongezeka kutoka 400,000 hadi 440,000. Gawa tena kwa 1.1 upate kama 97. Matumizi ya jiji kwa kila mkazi yamepungua kwa karibu asilimia 3 kuliko yalivyokuwa miaka minne iliyopita.

Hesabu hiyo ifanye mbele ya watu, ubaoni ikibidi, polepole. Lakini ipime kwanza kwa dhamiri yako. Kama mishahara ya wananchi haikupanda pamoja na bei, kuwaambia kwamba kwa thamani halisi matumizi yameshuka kutawachoma, kwa maana kodi wanailipa kwa fedha wanazoziona mkononi. Ieleze kama maelezo, kisha urudi kwenye huduma: taka zinazolewa mara ngapi, taa ngapi zinawaka, zahanati ina dawa au haina.

Kulinganisha na miji mingine ni hatari zaidi. Mji mmoja hulipa walimu kutoka bajeti yake, mwingine hulipiwa na serikali kuu. Mmoja una bandari, mwingine hauna. Kabla ya kusema "wenzetu wanatumia kidogo", hakikisha majukumu yanafanana. Mpinzani akilinganisha ovyo, onyesha jukumu moja kubwa ambalo jiji lake la mfano halina, uishie hapo.

Hatua ya tano: soma ripoti ya ukaguzi vizuri kuliko mpinzani wako

Sehemu hii huharibiwa na pande zote mbili. Meya hupunga hati safi ya mkaguzi kana kwamba amesafishwa dhambi. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zinaonyesha hali ya fedha kwa usahihi katika mambo ya msingi, kwa kufuata viwango vya uhasibu. Haisemi kwamba kila uamuzi ulikuwa wa busara, wala kwamba hakuna aliyeiba. Jiji linaweza kununua kitu kisichohitajika, likakinunua kwa utaratibu, likakiandika vizuri, likapata hati safi. Ukiitumia kama kinga ya jumla, mtu anayeelewa atakuaibisha mdahaloni.

Upande wa pili, mpinzani husoma hoja ya ukaguzi kama hukumu. Hoja ni swali la mkaguzi: malipo haya hayana stakabadhi, mali hii haikuonekana kwenye daftari. Nyingine hufungwa vielelezo vikipatikana, nyingine hubaki wazi mwaka hadi mwaka. Unachotakiwa kuwa nacho mkononi ni orodha ya hoja, hali ya kila moja, na majibu ya menejimenti. Ukisema "hoja 9 kati ya 14 zimefungwa, hizi 5 hazijafungwa na sababu ni hizi", umekata maneno. Ukisema "hizo ni siasa", umewaacha watu wakidhani zote 14 ni wizi.

Hatua ya sita: sema mkono wako ulikuwa wapi

Mamlaka ya meya hayafanani kila mahali. Kuna miji ambako meya ni mtendaji anayepanga bajeti na kusimamia idara. Kwingine ni mwenyekiti wa baraza, na fedha zinasimamiwa na mtendaji aliyeajiriwa au kuteuliwa. Eleza kwa sentensi mbili, si kumi, nani alipendekeza, nani aliidhinisha na nani alisaini.

Kama ulikuwa diwani, kura yako imeandikwa kwenye mihtasari. Itafute kabla hawajaitafuta. Uliunga mkono? Sema uliunga mkono, na kwa nini. Ulipinga? Onyesha ukurasa. Hukuhudhuria kikao? Hilo nalo litajulikana. Kinachochukiza wapiga kura ni mtu aliyepiga makofi bajeti ilipopita, leo anajitenga nayo kama mgeni.

Hatua ya saba: andika jibu

Sasa, na si kabla, chukua kalamu. Anza na kilicho kweli katika tuhuma, weka tarakimu na waraka wake, toa sababu, kisha sema utakachofanya. Usianze kwa kuirudia tuhuma kwa maneno ya mpinzani. Kichwa cha habari kisemacho "Sikufuja milioni 40" huwabakizia watu neno "kufuja" na tarakimu 40. Kwa tuhuma ile ya ofisi, jibu linaweza kuwa hivi, tarakimu zote zikiwa za mfano:

"Ni kweli jiji lilisaini mkataba wa milioni 40 kwa ajili ya jengo la huduma. Mpaka mwaka wa fedha uliopita ulipofungwa, zilikuwa zimelipwa milioni 22, na ukurasa wa hesabu zilizokaguliwa tumeuambatisha. Katika hizo 40, milioni 30 ni ruzuku iliyotolewa kwa jengo hili peke yake. Milioni 10 ni za jiji lenyewe, na baraza lingeweza kuzipeleka kwenye barabara. Niliunga mkono jengo kwa sababu tulikuwa tukipanga ofisi katika majengo matano, na kodi ya pango ilikuwa milioni 2 kila mwaka. Usipokubaliana na uamuzi huo, una haki, na ninaomba tuujadili kwa tarakimu hizi. Nikichaguliwa, malipo yaliyobaki yatachapishwa kila robo mwaka pamoja na hatua ya ujenzi iliyofikiwa."

Sentensi inayobeba jibu hilo ni ile ya milioni 10 zilizokuwa huru. Washauri wa kampeni watataka kuifuta. Wazuie. Bila hiyo jibu ni la mwanasheria, na nayo ikiwepo msikilizaji ana sababu ya kuamini yaliyobaki. Zaidi ya hayo, mpinzani akija na zile milioni 10 kesho yake, atakuta umekwisha kuzitaja.

Pale ambapo tuhuma ni kweli kabisa, andiko huwa fupi: ilitokea, ilikuwa kosa, gharama ni hii, kilichobadilishwa ni hiki. Ambapo ni uongo kabisa, weka waraka mmoja unaoukata, si kumi. Na tuhuma ikiwa ni tofauti ya vipaumbele tu, kwamba yeye angetanguliza soko nawe umetanguliza shule, usiiite uongo. Huo ndio mjadala ambao uchaguzi umeitishwa kwa ajili yake, na unastahili muda wako mwingi kuliko tuhuma nyingine zote.

Hatua ya nane: lifikishe jibu

Ukimya wa siku nne husomwa kama kukiri, na jibu la dakika kumi huwa na makosa. Njia ya kati ni kutoa kauli fupi siku ileile, ikitaja tarehe ambayo jibu kamili litatoka na hati zake, kisha kuitimiza tarehe hiyo bila visingizio.

Mdahaloni, ukiwa na dakika moja, beba tarakimu moja tu. Msikilizaji wa redio hawezi kushika tatu. Mpinzani mtaje kwa heshima anayostahili, ndugu au mheshimiwa, na useme anachokosea bila kumwita mwongo. Neno hilo huhamisha mjadala kutoka kwenye fedha kwenda kwenye ugomvi, na ugomvi humfaa asiyekuwa na hati. Mikutanoni wape wajumbe wako ukurasa mmoja uleule, ili mtaa wa juu na mtaa wa chini wasisikie tarakimu mbili.

Ipo mipaka ya kuchunga. Meya aliye madarakani asitumie watumishi, magari, wala kurasa rasmi za jiji kujibu tuhuma za kampeni. Nchi nyingi zinakataza hilo, na litazaa tuhuma mpya ya matumizi mabaya. Nyaraka za siri za zabuni zisitoke hata kama zinakusafisha. Na kabla ya kumtuhumu mtu kwa wizi, iwe mpinzani, mkandarasi au mtumishi, mwonyeshe mwanasheria ushahidi wako. Kusema "malipo haya hayana stakabadhi" ni jambo moja, kusema "fulani ameiba" ni kesi ya kashfa.

Hatua ya tisa: chunga ahadi unazozitoa ukijitetea

Mgombea aliyebanwa kuhusu fedha hushawishika kuapa: hakuna deni litakaloongezeka, mradi hautazidi bajeti, kodi haitapanda kamwe. Weka akiba ya maneno. Meya Jean Drapeau wa Montreal alishikilia kwamba Michezo ya Olimpiki ya 1976 haiwezi kuliacha jiji na hasara. Deni la uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2006, miaka 30 baadaye, na kauli yake inakumbukwa mpaka leo.

Hatari nyingine ni madeni ambayo hayajaonekana kwenye bajeti: kesi mahakamani, malimbikizo ya wazabuni, madai ya watumishi. Baraza la jiji la Birmingham, Uingereza, lilipotangaza Septemba 2023 kwamba linasitisha matumizi yote yasiyo ya lazima, lilitaja madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi yaliyokadiriwa kati ya pauni milioni 650 na milioni 760. Kabla ya kuahidi lolote, omba orodha ya madai ya namna hiyo katika jiji lako, na usome maelezo yaliyo nyuma ya hesabu za mwaka, kwenye kurasa ambazo watu wengi huzirukaruka. Ahadi unayoweza kuitoa salama ni ya utaratibu: kuchapisha malipo makubwa, kujibu hoja za ukaguzi hadharani kwa tarehe iliyotajwa, kuwashirikisha wakazi kupanga sehemu ya bajeti kama Porto Alegre, Brazil, ilivyoanza mwaka 1989. Hayo yapo ndani ya uwezo wa ofisi bila kutegemea bei za soko.

Jibu likishatoka, teua mtu mmoja wa kulilinda. Tarakimu ikigundulika kuwa na kosa, isahihishwe palepale ilipochapishwa, kosa likiachwa lionekane pamoja na tarehe ya marekebisho. Mafaili yote ya kampeni, yaani tuhuma, waraka, hesabu na majibu, yapangwe kwa mwaka wa fedha na kwa kasma. Ukishinda, utayahitaji wiki ya kwanza, wakati rasimu ya bajeti itakapoletwa mezani kwako na madiwani wa upande wa pili wakianza kuuliza maswali yaleyale.